Gitaa la '62 Lisilozaliwa Kabla ya 1982

Swali limetoka kwa msomaji wa Igoma, mpiga solo wa kwaya:

"Shikamoo fundi. Kuna familia Kirumba inauza gitaa la marehemu baba yao. Ni Fender Stratocaster, rangi nyeusi pembeni, kisha nyekundu, katikati njano. Dalali anasema ni la Marekani la mwaka 1962, na bei ameipandisha kwa sababu hiyo. Bamba la chuma la nyuma lina herufi V na tarakimu sita. Ndani ya boksi lake kuna kimfuko chenye swichi mpya ambayo haijawahi kufungwa. Rangi ina nyufa nyembamba kama za chungu cha zamani. Rafiki zangu wawili wameliangalia wakasema ni feki, kwa sababu gitaa la 1962 haliwezi kuwa na V. Nimuamini nani, na nilinunue?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa maelezo uliyonipa, gitaa hilo si la 1962, na wala si feki. Dalali kakosea na rafiki zako wamekosea, ila rafiki zako wamekosea kwa jambo linaloeleweka, maana herufi V kweli inamuumbua dalali.

Mwaka 1962 Fender walikuwa wakigonga kwenye bamba lile tarakimu tano tupu, bila herufi mbele. Kuelekea mwisho wa mwaka huo ikaanza kuonekana L, ikadumu mpaka katikati ya miaka ya sitini. V ilikuja miaka ishirini baadaye, 1982, kwa familia mpya ya magitaa waliyoiita American Vintage, yaani matoleo ya marudio: kiwanda chenyewe kinarudia kutengeneza gitaa lake la zamani. Katika familia hiyo '62 ni jina la modeli. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, na hakuna anayemwangalia mtoto akadhani ndiye babu. Kwa magitaa watu wanadhani hivyo kila siku, na fedha nyingi hupotelea hapo.

Ili uelewe kilichomo mikononi mwako, inabidi ujue kwa nini kiwanda kiliamua kurudia kazi yake. Mwanzilishi, Leo Fender, aliiuza kampuni kwa CBS, shirika la redio na televisheni la Marekani, Januari 1965 kwa dola milioni 13. Katika miaka iliyofuata uzalishaji ulipanda sana na ubora ukashuka, hadi wapigaji wakaanza kuyasaka yaliyotengenezwa kabla ya mauzo hayo. Kufikia mwisho wa miaka ya sabini viwanda vya Japani, hasa Tokai na Greco, vilikuwa vinanakili Stratocaster za zamani kwa uangalifu uliozidi ule wa kampuni mama. Mwaka 1981 CBS wakawaleta Bill Schultz na Dan Smith, wote wakitokea Yamaha, kuokoa jahazi. Wakajibu kwa njia mbili kwa pamoja: kutengeneza marudio huko Fullerton, California, na kuanzisha Fender Japan mwaka 1982, kazi ikifanywa na kiwanda cha FujiGen mjini Matsumoto. Jambo linalonigusa kila nikilikumbuka ni kwamba, ili kupata vipimo sahihi, Fender walilazimika kwenda kununua magitaa yao wenyewe ya zamani kutoka madukani.

Marudio ya kwanza ya Marekani yalikuwa Stratocaster '57 na '62, Telecaster '52, na magitaa ya besi, Precision '57 na '62 pamoja na Jazz '62. Yale ya Fullerton hayakudumu. Mwaka 1985 Schultz na wenzake waliinunua kampuni kutoka CBS, lakini jengo la kiwanda halikuwamo kwenye mauzo, wakaanza upya Corona, California. Kwa muda fulani Fender nyingi zilizouzwa duniani zilikuwa za Japani. Kwa hiyo gitaa la '62 lenye V likiwa limetoka Fullerton kati ya 1982 na mwanzo wa 1985 hutafutwa zaidi kuliko la Corona. Mimi nimeshika ya pande zote mbili. Ya Corona yaliyo mazuri ni mazuri kwelikweli, na kwa kazi ya kwaya usiku kucha usingeijua tofauti. Tofauti iko zaidi kwenye uhaba.

Sasa kuna mtego mmoja ambao lazima uuondoe kabla ya kutoa hata shilingi. Japani nao walitumia V. Fender zao za 1996 hadi 1997 zina V na tarakimu sita, sawasawa na namba uliyoniandikia. Tofauti iko mahali ilipoandikwa: ya Marekani imegongwa kwenye bamba la chuma, ya Japani imechapwa kwenye mbao ya shingo, nyuma, karibu na inapoungana na bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, pamoja na maneno "Made in Japan". Wewe umesema V iko kwenye bamba. Hiyo ni dalili njema, lakini bamba ni kipande cha chuma chenye skrubu nne, na mtu mwenye bisibisi analihamisha kwa dakika tano. Angalia nyuma ya shingo, chini kabisa. Ukikuta maandishi yamekwaruzwa, au sehemu ndogo iliyopigwa msasa na kung'arishwa upya, simamisha mazungumzo ya bei.

Swichi iliyomo kwenye kimfuko ndiyo iliyonifanya nikae vizuri kwenye kiti nikisoma barua yako. Stratocaster kuanzia ilipotoka 1954 ilikuwa na swichi ya hatua tatu ya kuchagua pikapu, yaani vile vifaa vyenye sumaku vinavyookota sauti ya nyuzi: ya nyuma, ya kati, ya mbele. Wapigaji waligundua kwamba ukiikwamisha swichi katikati ya hatua mbili unapata sauti ya pikapu mbili kwa pamoja, ile sauti tamu. Fender wakaleta swichi ya hatua tano mwaka 1977. Walipotengeneza marudio walirudisha ile ya hatua tatu kwa ajili ya uhalisia, halafu wakaweka ya hatua tano ndani ya boksi ili mnunuzi aamue mwenyewe. Dalali anayetaka kudanganya hubadilisha bamba au stika ya kichwani. Sijawahi kuona aliyefikiria kutafuta swichi ya ziada na kuifungia kwenye kimfuko. Swichi hiyo, boksi na bamba vinasema jambo moja.

Nyufa za rangi nazo zinaungana na hizo. American Vintage yalipakwa laka ya nitroselulosi kama ya zamani, wakati magitaa mengi ya Japani yalipakwa poliesta, ngumu kama sahani. Laka ya nitroselulosi haiachi kukauka. Inakuwa nyembamba, inageuka njano, na baridi ya ghafla ikiipata hujikunja haraka kuliko mbao iliyo chini yake, ndipo inapopasuka. Kwa hali ya hewa ya hapa Mwanza nyufa za aina hiyo hazizaliwi kirahisi, kwa hiyo nadhani gitaa lilizipata ughaibuni au kwenye tumbo la ndege kabla marehemu hajalipata. Usijaribu kuziziba wala kupaka rangi upya. Tazama mahali ambapo rangi imebanduka: ukiona chini ya laka kuna tabaka jingine gumu, lenye kung'aa kama kioo, lisikutishe. Marudio ya miaka hiyo yalipewa tabaka la plastiki chini ya laka, na hilo ni mojawapo ya mambo ambayo wanunuzi waliyalalamikia hadi Fender wakalipunguza walipotoa familia mpya mwaka 2012.

Laka hiyo ina adui mmoja ambaye watu wa kwaya hawamjui, nao ni mpira. Stendi nyingi za magitaa zimefungwa mpira au sponji mahali shingo inapoegemea, na laka ya nitroselulosi ikigusana nao kwa wiki kadhaa inayeyuka taratibu. Miaka ya nyuma niliacha gitaa la mteja, rudio la '57, kwenye stendi karakana kwangu kwa mwezi mmoja wa masika nikisubiri vipuri. Nilipolinyanyua, shingo ilikuwa na alama mbili zinazonata, na hazikutoka tena. Nilimlipa mwenye gitaa, na tangu siku hiyo stendi zangu zote nimezivika kitambaa cha pamba. Ukilinunua, fanya hivyohivyo tangu siku ya kwanza.

Ushahidi usiobishaniwa uko ndani. Omba familia ruhusa ya kulifungua mbele yao, na uwaeleze unachotafuta, maana nao wana haki ya kujua mali ya baba yao ni nini. Legeza nyuzi zote kwanza. Fungua skrubu nne za bamba, shika shingo kwa mkono wakati wa skrubu ya mwisho isije ikadondoka, uitoe polepole. Kwenye kisigino cha shingo, yaani mbao inayojificha ndani ya bodi, tafuta tarehe iliyogongwa kwa wino au kuandikwa kwa kalamu. Hiyo ndiyo tarehe ya kuamini zaidi. Mabamba yenye V yalichukuliwa kutoka kwenye makasha bila mpangilio, kwa hiyo namba ndogo haimaanishi gitaa lilitangulia kutengenezwa, na anayekwambia ameutafuta mwaka kamili kwa namba ya V peke yake anakisia. Na kama ingekuwa kweli ni gitaa la 1962, kuanzia masika ya mwaka ule kisigino kingekuwa na muhuri wa wino wenye 2 mwanzoni, ambayo ni alama ya Stratocaster, kisha mwezi, mwaka na herufi ya upana wa shingo, kwa mfano "2 NOV 62 B".

Ukiwa na bisibisi bado mkononi, fungua ile plastiki nyeupe ya usoni yenye skrubu kumi na moja. Igeuze taratibu, kuna waya unaokwenda kwenye springi za nyuma na nyingine zinazokwenda kwenye jeki, usizikate. Tazama viungo vya volyumu na toni. Vikiwa vimetengenezwa na CTS ya Marekani, vina namba inayoanza na 137, kisha mwaka, kisha wiki: 1378243 ni wiki ya 43 ya mwaka 1982. Gitaa haliwezi kuwa la zamani kuliko kiungo chake, isipokuwa kama kiungo kilibadilishwa, na kulehemu kulikorudiwa huonekana kwa macho, risasi huwa chafu na yenye mabonge. Waya za American Vintage zimevikwa nguo. Ukikuta waya za plastiki na viungo vidogo vya Kijapani chini ya bamba la Marekani, umeshapata jibu. Kitu kingine: bodi za zamani, mpaka mwaka 1964, zina vitundu vidogo vya misumari chini ya plastiki hiyo, kwa sababu mafundi wa Fullerton walizipigilia misumari ili ziegemee wakati rangi ikikauka. Marudio hayana. Kwa miaka mingi vitundu hivyo ndivyo vilivyowaokoa wanunuzi wengi.

Tuseme kila kitu kimekubali na kweli ni American Vintage. Je, linafaa kwa kazi yako? Hapa nina maoni yangu na sitayaficha. Ubao wa vidole wa gitaa hili umepindwa kwa nusu kipenyo cha inchi 7.25, kama sentimita 18.4, na freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao, ni nyembamba na fupi. Wapigaji wa blues na roki hulalamika kwamba ukiuvuta uzi wa kwanza kwa nguvu kwenye freti za juu sauti inakufa, kwa sababu uzi unagusa freti zilizoinuka kwenye mgongo wa ubao. Ndiyo maana mwaka 2018 Fender walipotoa familia ya American Original waliunyoosha hadi inchi 9.5. Lakini wewe unapiga solo ya kwetu, ile ya kukimbia juu ya shingo kwa vidole vyepesi, nyuzi mbili kwa pamoja, seben inapoingia. Huvuti nyuzi, unazigusa na kuondoka. Mpindo huo unaukumbatia mkono wa rizimu kuliko ubao uliolala. Kwa muziki wetu gitaa hili halina dosari hiyo, na sioni sababu ya kumlipa fundi auparue ubao kuunyoosha, maana kuna wanaofanya hivyo na wanaharibu kitu kisichorudi.

Usumbufu mmoja utaukuta, nao ni uzi wa tatu. Sumaku za pikapu hizi hazilingani urefu. Ziliwekwa hivyo enzi ambazo uzi wa tatu ulikuwa umeviringishwa waya kama wa nne, na sauti yake ilikuwa ndogo. Leo uzi wa tatu ni mtupu, una nguvu, na sumaku yake bado imeinuka. Matokeo yake uzi huo unaruka mbele ya wenzake. Nakusihi, usiigonge ile sumaku ishuke chini. Kwenye pikapu za Fender za mtindo huu waya mwembamba kuliko unywele umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku zenyewe, na ukiisukuma unaukata. Nimepokea pikapu tatu zilizokufa namna hiyo, na kila mara aliyefanya alidhani anairekebisha tu. Shusha pikapu nzima kwa skrubu za pembeni, kidogo kidogo, mpaka nyuzi zilingane. Kuishusha kunaondoa pia tatizo la sumaku kuvuta nyuzi nene zikatoa sauti yenye mawimbi, ambayo wengi hudhani ni gitaa kukataa kukaa kwenye sauti.

Litavuma pia. Pikapu za koili moja huokota kelele za umeme, na kanisa lenye taa nyingi za mirija na soketi zisizo na waya wa ardhi litakupa mvumo mkubwa. Magitaa mengi ya kisasa yana pikapu ya kati iliyogeuzwa ili ikiungana na jirani yake mvumo ufutike. Ya zamani hayakuwa nayo. Kwanza wekeni waya wa ardhi kanisani. Gitaa haliwezi kutibu ugonjwa wa ukuta, na afya yako nayo imo humo, maana mikono yako iko kwenye nyuzi za chuma.

Shingo ya mtindo huu hurekebishwa kwa skrubu iliyo kisiginoni, na ili kuifikia inabidi shingo itoke au ilegezwe. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua mbao hupumua masika na vuli. Usiizungushe zaidi ya robo mzunguko kwa siku moja, na ukisafiri nalo kwa meli kwenda Bukoba lifungie kwenye boksi lake.

Ubao mweusi wa vidole ni rozwudi, na hapo kuna jambo linalotuhusu Watanzania moja kwa moja. Rozwudi ni ndugu wa mpingo wetu. Wote ni wa jenasi ya Dalbergia. Magitaa ya 1962 yalitumia rozwudi ya Brazili, ambayo mwaka 1992 iliwekwa kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo marudio hutumia ya India. Tarehe 2 Januari 2017 Dalbergia zote ziliingizwa kwenye udhibiti wa mkataba huo, na mpingo ukiwamo. Viwanda vikahangaika na vibali, na Fender wa Mexico wakahamia mti wa Amerika Kusini uitwao pau ferro. Ndiyo maana marudio yao ya Vintera ya 2019 yana ubao wa rangi ya kahawia nyepesi. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo, na Vintera II ya 2023 ikarudi kwenye rozwudi. Mtu akikuuzia Vintera ya kwanza akadai ubao ni rozwudi, umeshamjua. Na sisi tunaoukata mpingo kwa ajili ya vinyago na mkaa tungeutazama kwa jicho jingine, kwa sababu dunia inauhesabu kwa makini kuliko sisi.

Matoleo yaliyofuata nayapitia haraka. Marudio ya '57 na '62 yalikoma 2012, yakaja '56, '59 na '65. Mwaka 2022 ikaja American Vintage II, ikaurudisha mpindo wa 7.25. Mbao ya ashi ilipunguzwa kuanzia 2020 kwa sababu ya mdudu anayeiua miti huko Marekani na mafuriko ya mto Mississippi. La kwako kwa rangi hiyo nategemea litakuwa la mbao ya alda.

Kuhusu bei, gitaa la 1962 lililo kamili hufikia bei ya gari zuri. Hili haliko huko, na familia isiahidiwe fedha hizo na dalali. Lakini usilidharau kwa bei ya magitaa mapya ya dukani yanayoshikwa na kutupwa. Ni gitaa la kazi la daraja la juu, na likithibitika kuwa la Fullerton, ongeza kidogo bila kinyongo. Likiwa la Japani lenye bamba la kuazima, bado linaweza kuwa gitaa zuri sana, kwa bei nyingine na kwa jina lake halisi.

Ukishalichukua niletee nikufungie swichi ya hatua tano iliyo kwenye kimfuko, kwa sababu kwa rizimu ya kwaya utazihitaji zile sauti za katikati. Ile ya hatua tatu itakayotoka tutairudisha kwenye kimfuko kilekile, ibaki ndani ya boksi na gitaa lake.